Kijani Nilichobonyeza Mwenyewe

Njia ya Mtoni,
Balambala,
Kaunti ya Garissa.
Ijumaa, 19 Septemba 2025

Mpendwa shemeji yangu Dubow, uliyejificha Tabora,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Masikio yako yanaendeleaje? Binti yako Hinda aliniambia kwa simu kwamba la kulia limelifuata la kushoto, na sasa hata azana mpaka uonyeshwe kwa mkono. Pole sana. Lakini nakujua, moyoni unashukuru kidogo, maana mkeo anapenda kusema. Mimi niko salama, alhamdulillahi. Magoti yananilalamikia kila nikisujudu, na meno yamebaki manne ambayo hayakutani. Macho tu ndiyo mazima, na macho hayo ndiyo yameniletea aibu nitakayokueleza.

Usishangae kupata barua wakati huu wa simu. Kiziwi atapigiwa simu ya nini? Na usiulize mbona Kiswahili. Kisomali changu kiko mdomoni, hakijawahi kuingia kwenye kalamu. Kalamu yangu ilifundishwa Kiswahili pamoja na yako mpaka darasa la tatu, mwalimu akahamishwa na elimu yetu ikahama naye. Makosa utakayoyaona ni yake. Mwanangu Hanad ataipiga barua hii picha na kumtumia Hinda. Mwambie Hinda asiisome, ni mambo ya wazee.

Kaburi la dada yako Rahmo nililitembelea mwezi uliopita, nikaondoa miiba na kupanga mawe upya. Huu ni mwaka wa pili. Bado naweka vikombe viwili asubuhi, halafu nakunywa vyote viwili, na nikimaliza namlaumu yeye kwamba chai imeisha mapema.

Hanad anataka nihamie kwake mjini, Waberi. Nilikwenda nikakaa wiki moja. Nyumba nzuri, maji yanatoka ukutani. Lakini wote wanatazama simu, hata mjukuu ambaye hajaota meno. Siku ya saba nikasema nina mbuzi anakaribia kuzaa, nikarudi. Mbuzi mwenyewe alikuwa dume.

Mvua, shemeji, hakuna. Huu ni msimu wa pili. Mto Tana umepungua mpaka ukiutazama unauonea haya. Wenye mashamba ya ndizi kule kingoni wana pampu za jua siku hizi, hakuna moshi wala kelele, zinanyonya tu. Vijana wengine walikuja kunishawishi nichimbe bwawa nifuge samaki, ati simu itaniambia wakati wa kuwalisha. Nikawauliza, samaki wangu wakichanganyika na wa jirani nitawajua kwa alama gani ya sikio? Hawajarudi.

Ila kuna kampuni moja ya vijana iliyonipata. Wanaiita Nyika Leo. Aliyeileta hapa ni Nasteha, binti wa Kaltun yule muuza maziwa. Amesoma chuo Nairobi, anaendesha pikipiki mwenyewe, na ukimjibu ovyo anakujibu ovyo zaidi. Kazi yao ni hii: kila mahali wanachagua mtu mmoja mwenye macho. Kila asubuhi huyo mtu anatazama malisho na maji ya kwake, halafu anabonyeza rangi kwenye simu. Kijani, nyasi zipo. Manjano, zinaisha. Nyekundu, msije. Wafugaji wote wenye simu, mpaka kule Danyere, wanaiona ile rangi na jina la mtu aliyeibonyeza. Hakuna tena kutuma mtu atembee siku tatu kwenda kupeleleza malisho.

Hapa walinichagua mimi, wakanipa na simu yao. Nasteha aliniita babu, akasema, “Awowe, wewe unakaa kwenye njia ya mtoni, na mjini wanasema hujawahi kukosea malisho.” Nilivimba kichwa mpaka kofia ikanibana. Nikabonyeza nyekundu kila siku kwa uaminifu, kwa sababu kweli hapa hakuna kitu, ni vumbi na mifupa.

Sasa sikiliza (samahani, soma) ujinga wangu ulipo.

Unakumbuka utaratibu wetu. Mtu akitokea njiani, anaketi, anatoa habari. Anaanza pale alipotoka: mvua iligusa wapi, kisima kipi kimekauka, ngamia wa nani anakohoa, nani amezaa, nani amezikwa. Akimaliza anakugeukia, nawe unatoa zako. Nimeishi kando ya njia hii miaka arobaini, na hakuna mchunga aliyepita bila kuketi kwangu. Mimi na wewe tumedanganya juu ya kila kitu duniani, umri wetu, wasichana, nani alimaliza samli ya mama yako. Lakini habari ya malisho hatukuwahi kuichezea hata siku moja. Mtu anahamisha roho za watoto wake kwa neno lako.

Na kumbe neno langu sasa lilikuwa linawaambia wasije. Wanaiona nyekundu kwenye simu, wanazunguka mbali. Kila asubuhi nilikuwa ninafukuza wageni wangu kwa kidole changu mwenyewe. Ijumaa msikitini watu wananipa mkono na kukimbilia pikipiki zao. Siku nyingine sita ni mimi na mbuzi. Asubuhi moja nilifungua mdomo kumfukuza kuku, sauti ikatoka kama mlango wenye kutu. Nikajaribu kukumbuka ni lini niliitumia mara ya mwisho. Sikukumbuka.

Siku hiyo nilibonyeza kijani.

Usiniulize nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza sufuria kubwa. Niliitoa, nikaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa.

Siku ya pili nikaona vumbi, shemeji, na moyo ukaniruka kama wa bwana arusi. Wanaume wanne na ngamia. Waliketi, wakatoa habari zote mpaka nikashiba. Ndipo mmoja akasimama akatazama huku na huku akasema, “Mzee Salah, hizo nyasi umezilalia?” Nami bila haya nikainua mikono, “Wallahi mimi nilibonyeza nyekundu! Hiyo ni setilaiti yao, inapita juu huko ikaona paa langu la bati lililopakwa rangi ya kijani.” Wakacheka! Wakaitukana setilaiti na mama yake. Wakalala kwangu, wakaondoka alfajiri. Ngamia wao walikuwa na nguvu, haikuwadhuru. Nilijiambia nimecheza vizuri. Ndiyo, niliapa kwa Mungu. Mungu nitamalizana naye mwenyewe.

Siku ya nne akaja Sadiyo.

Humjui, ni mjane wa upande wa Danyere. Alikuja kwa miguu na mbuzi wake na mama yake mzee juu ya punda. Alimshusha mama, akamkalisha kivulini, halafu akaketi mbele yangu na kutoa habari kama tulivyofundishwa, bila kuruka kitu. Aliniita ami, akasema: “Adeer, tulitoka tukiwa na mbuzi ishirini na sita. Kule tulikuwa na vichaka, majani makavu, yanatosha kungojea mvua. Tulipoona kijani chako tukaondoka. Siku ya kwanza mchana alianguka yule mwenye madoa, ndiye alikuwa anampa mama maziwa. Karibu na lile korongo wakaanguka wawili. Jana watatu. Leo asubuhi mmoja, nikamchinja kabla hajafa. Tumefika na kumi na tisa.” Sauti yake haikupanda wala kushuka. Hakulia. Halafu akafuta uso na ushungi, akanigeukia: “Hizo ndizo zangu. Nipe zako.”

Dubow, nimekaa miezi nikitamani mtu aketi pale aseme maneno hayo hayo. Nami nikajibu, “Heri tu.”

Nikaanza tena ile hadithi ya setilaiti. Haikunitoka vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Setilaiti siijui. Mimi sifuati mashine. Niliona jina limeandikwa Salah wa Njia ya Mtoni, na marehemu mume wangu alikuwa akisema Salah akisema nyasi, ni nyasi. Ndiyo sababu nilikuja.”



Kesho yake pikipiki ya Nasteha ikaingia. Ofisini wameona kijani peke yake katikati ya nyekundu tupu, wakamtuma aulize. Alinitazama, akawatazama wale mbuzi wa Sadiyo, nadhani akaelewa yote. Lakini mtoto wa Kaltun ana adabu kuliko anavyojionyesha. Akasema taratibu, “Awowe, macho ya wazee. Kidole kiliteleza, sivyo? Inatokea.” Alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema ndiyo, angeandika kosa la kidole, kazi ingebaki yangu na jina langu lingebaki safi mpaka kaburini. Sadiyo alikuwa hatua tano kutoka hapo, anamnywesha mama yake maji, ananisubiri.

Nikasema, “Kidole hakikuteleza. Nilibonyeza nikijua hakuna kitu. Nilitaka watu.”

Hata wale mbuzi, naapa, walinitazama. Nasteha aliinamisha kichwa, akasema itabidi anitoe kwenye orodha. Nikamwambia angekuwa mpumbavu asiponitoa. Niliingia zizini nikamtolea Sadiyo mbuzi saba kati ya kumi na mmoja nilionao. Aliwashika mmoja mmoja mgongoni, akachukua wanne, watatu akawasukuma kwangu. “Hawa wamekonda kama uongo wako,” akasema. “Baki nao.” Nilitaka kucheka, Dubow, lakini sikuwa na haki ya kucheka. Waliondoka jioni ile kuelekea kwenye mashamba ya ndizi, ambako Nasteha aliwaombea mabua kwa watu anaowajua. Mama yake juu ya punda aliniaga. Yeye hakuniaga.

Kabla Nasteha hajaichukua ile simu nilimwomba kitu kimoja. Ile programu inapokea na sauti, na sauti inafika kwa kila mfugaji. Akakubali. Nikakohoa, nikasema hivi, nakuandikia neno kwa neno:

“Mimi ni Salah wa Njia ya Mtoni. Kile kijani kilikuwa uongo, si cha setilaiti, ni changu, na kimeua mbuzi wa watu. Hapa ni nyekundu. Msilete mifugo. Msiniamini tena mpaka wanaonijua waseme mniamini. Anayetaka kunitukana aje yeye mwenyewe, aache wanyama nyumbani. Nitamchemshia chai.”

Nasteha aliuliza kama ayafute hayo ya mwisho. Nikasema hayo ndiyo ya kweli kuliko yote.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Msikitini leo kuna walionipa mkono na kuna waliousahau mkono wao mfukoni. Kazi yangu amepewa kijana Abdirahim, anayeishi kule ng'ambo ya kilima, na anabonyeza nyekundu vizuri sana.

Nisalimie mkeo, na umwambie alale salama, sitakuja kumhesabia chumvi ya mchuzi wake. Msalimie Hinda na watoto wake, na yule Najib wa kwetu mwenye karakana ya pikipiki huko, kama bado anakumbuka alitoka wapi. Hanad anakusalimia, na Kaltun pia, ambaye hajakusamehe kwa kumwoa mwingine. Mungu akurudishie sikio moja angalau, na akuandikie kifo chepesi lakini cha baadaye, baada ya kunijibu barua hii. Unijibu kwa kirefu, uanzie pale ulipoamka, usiruke kitu. Na usinidanganye, nimeshaona uongo unavyofanya.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nikupe na hii. Tangu Jumatatu wamekuja wawili kunitukana. Wa kwanza alinitukana akiwa amesimama, akaondoka. Wa pili alikuwa mmoja wa wale wanne wa ngamia. Alinitukana vizuri, kuanzia kwangu mpaka kwa babu yangu, kisha akaishiwa, akatazama jua, akaketi. Alikaa mpaka adhuhuri.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda ingawa hunisikii,
Salah