Korongo wa Lambwe na Jina Unaloliomba

Okoth, omera, ndugu yangu,

Kabla hujaendelea kusoma, nakusihi: neno hata moja la barua hii lisikutoke. Usimwambie Baba, ambaye mko naye huko na ambaye hakuweza kutunza siri hata ya jogoo aliyewekewa wageni. Zaidi ya yote, usimwambie Atieno. Nimesikia kwamba ulikuja kuzungumza naye, na ndiyo sababu naandika.

Nikueleze kwanza yaliyobadilika. Mimi bado ni karani kwa Mzee Salim, muuza saruji na mabati hapa Migori, na bado naandika stakabadhi kwa mwandiko ule uliokuwa ukiucheka. Lakini nimeoa. Nimemwoa Atieno, nyar Kosele, binti wa kijiji cha Kosele, msichana ambaye ungemwoa wewe kama malaria isingekuchukua. Sikuruka matanga yako. Nilingoja mpaka mama yako mwenyewe akaniambia, "Msichana hawezi kukaa akilinda kaburi." Sasa ana mimba, na tumbo limeanza kuonekana.

Juzi Mzee Salim alinipa likizo fupi, akaniazima pikapu pamoja na dereva wake, Juma. Nikampeleka Atieno mbugani, bonde la Lambwe. Sitakuficha, sikwenda kwa ajili ya wanyama. Wewe, ulipokuwa ukifanya kazi ya kuwaongoza huko watalii waliotoka kisiwa cha Takawiri, ulimchukua na yeye. Mpaka leo, tukipita upande ule, anavitazama vilima mpaka vipotee. Nilitaka bonde lile liwe na kitu changu. Nilitaka siku moja aseme, "Siku ile mume wangu aliponipeleka Lambwe..."

Nikavaa shati jipya la buluu. Buluu, omera! Mtoto yeyote wa Lambwe anajua kwamba mbung'o hufuata buluu, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha rangi hiyo. Nami nimesoma mpaka Kidato cha Sita. Juma aliponiona nikijipiga makofi shingoni akasema, "Karani, wewe ni mtego kamili! Kaa hapo dirishani uwavute wote, sisi tupumue." Atieno akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akasema, "Okoth angekurudisha nyumbani ukabadilishe." Jina lako lilikuwa limeshatajwa, na lango la mbuga bado linaonekana nyuma yetu.

Tuliwakuta twiga karibu na migunga. Nilitaka kusema jambo la maana juu yao, lakini mke wangu alinitangulia. "Juma, zima injini. Shusha sauti. Mkono wako ndani." Alisema taratibu, akiinua kidole kimoja, kama wewe. Ni sauti yake, najua, lakini maneno yalikuwa yako, na nilijiona kama abiria aliyepanda gari la mtu mwingine.

Halafu tukamwona korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, ambaye ulikuwa ukisema kwamba Kenya nzima hana kwingine pa kuishi ila bonde lile. Alisimama mbali kwenye majani marefu. Nilidhani nafasi yangu imefika. Nikamwambia Juma, "Ingia majanini, tumsogelee. Mama watoto aone vizuri." Juma akageuza usukani. Atieno akamshika mkono.

"Usitoke njiani. Huyu ndiye mwenye nyumba. Sisi tumebisha hodi tu."

Juma alimtii yeye, si mimi. Tukakaa. Mbung'o walinila nami nikaogopa hata kujikuna. Baadaye, pale pale ambapo gari letu lingepita, majani yakatikisika na ndama akainuka, miguu ikimtetemeka. Mama yake akamjia bila haraka, masikio yake marefu yakituelekea, akamlamba, kisha wakavuka njia mbele yetu wakiwa karibu hata nikasikia pumzi zao. Sijawahi kuona kitu kama kile. Jasho lilinitoka nikifikiria magurudumu. Ulikuwa umemwokoa yule ndama, wewe uliye kaburini, na mimi niliye hai nilikuchukia kwa hilo.

Hapo ndipo Atieno aliponong'ona. Alisema umemjia ndotoni. Ulisimama mlangoni kwa mama yake, huko Kosele, ukaomba maji, ukanywa, ukasema, "Nipeni mahali." Hakuhitaji kunieleza zaidi. Kwetu marehemu akija hivyo kwa mwenye mimba, anataka jina. Wakikataa kumpa, mtoto hulia usiku na mchana, akakataa ziwa, mpaka jina litajwe. Shuleni nilifundishwa kucheka mambo haya. Sasa mtoto ni wangu na siwezi kucheka.

Fikiria ninachoombwa. Nikulishe uji. Nikubebe. Nikuite uje kula kila jioni uwanjani kwangu, majirani wote wakisikia. Akiwa msichana atakuwa Akoth, jina lako hilo hilo kwa kike, kwa hiyo hata hilo haliniponyi. Na kila atakapoitika, nitamtazama mama yake usoni nione anamwona nani.

Lakini zaidi ya jina, linaloniuma ni kwamba ulimwendea yeye. Mimi niliyekufahamu tangu tukiogelea uchi ziwani, niliyekushika kichwa ulipotapika dawa, umenipita kama mgeni.

Basi sikiliza ahadi yangu. Jina utalipata, uje usije. Mtoto hatalia kwa sababu ya wivu wangu. Ila nakuomba, kwa urafiki wetu, uje uliombe kwangu.

Lala salama, omera. Tunaishi nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, chumba cha mwisho, mlango wa bati usio na rangi. Usibishe hodi, utamwamsha. Atieno hulala upande wa ukuta, mimi hulala upande wa mlango, kwa hiyo utanifikia mimi kwanza. Usivae suti tuliyokuzika nayo, nitapiga kelele. Vaa kofia yako ya kazi. Niguse bega polepole, unajua nilivyo mwoga, halafu sema unachotaka. Asubuhi niachie mimi nimwambie.

Rafiki yako,
Owino