Boliti, Stadi na Jua la Ijumaa

Jumapili, mchana. Hapa kwetu Nyanchwa kumetanda mawingu, na baridi imeingia hadi kwenye viungo vya vidole.

Saa hizi ningekuwa kwenye uwanja wa mbio, ng'ambo ya Bonde la Ufa, nikimkatisha Chumvi kona. Badala yake niko mezani nimejifunga leso juu ya sweta, na mbele yangu kuna boliti tatu za gurudumu. Nimezitazama tangu chai ya saa nne. Chai yenyewe imepoa kikombeni.

Bado niko hai. Naandika hivyo ili nilione neno lenyewe.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi hushona sare za shule mjini Kisii. Chumvi ni gari letu dogo la Kijerumani, jeupe na kuukuu, ambalo mimi na mume wangu, Baba Bosire, tumelitengeneza kwa ajili ya mbio za lami. Mimi ndiye dereva, yeye ndiye fundi wangu na mpinzani wangu katika kila ubishi. Mbio za Jumamosi hatuendi, maana sisi ni Wasabato. Tunangoja za Jumapili.

Mwezi huu wote nyumba yetu imekuwa na ubishi mmoja tu: boliti au stadi?

Magari mengi ya huku yana stadi, vile vyuma vilivyosimama tayari kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu. Unatundika gurudumu, unafunga nati, basi. Gari la Kijerumani lina matundu tu. Unalishikilia gurudumu hewani kwa goti na mguu, unatafuta tundu, halafu unapitisha boliti kutoka nje. Kwa lugha ya cherehani, stadi ni kifungo kilichokwisha kushonwa kwenye shati, na boliti ni pini unayoichomeka wewe mwenyewe kila asubuhi.

Baba Bosire alitaka tubadilishe tuweke stadi. Gari la mbio hufunguliwa magurudumu kila mara, alisema, na kila boliti inapoingia na kutoka inakula meno yaliyochongwa ndani ya tundu la habu. Stadi ikichakaa unaitoa stadi, habu inabaki nzima. Mimi nilishikilia boliti. Waliolitengeneza gari walikuwa na akili zao, nikamwambia, na stadi nazo huchoka, zinataka kubadilishwa kabla hazijakatika. Hoja zangu zilikuwa nzuri. Lakini blogu hii ndiyo shajara yangu, kwa hiyo niseme kweli: nilikataa stadi kwa sababu yeye ndiye aliyezitaja kwanza.

Ijumaa jioni tulikuwa tunafunga tairi za mbio. Tatu zikaingia vizuri, tukazikaza kwa ile spana inayopima nguvu, inayolia tak ikifika. Ya nne, ya mbele kushoto, ilinisumbua. Nililishikilia gurudumu kwa mguu, likateleza. Nikalipandisha, tundu likapotea. Nikalipandisha tena. Jua lilikuwa linazama upande wa ziwa, na Baba Bosire alikuwa analitazama zaidi kuliko alivyonitazama mimi.

"Mama Bosire, wachana nayo sasa," alisema. "Jua limeenda. Tutakaza kesho jioni Sabato ikitoka."

Boliti zote tano zilikuwa zimeingia kwa vidole. Kuzikaza kungechukua muda wa kumenya ndizi moja. Tukashusha jeki, tukanawa mikono, tukaingia ndani kuimba.

Asiyelelewa hivi anaweza kutucheka. Ijumaa jua likizama, mimi huifunga wiki kama ninavyofunga duka. Oda za wateja, bei ya kitambaa, mambo ya gari, yote hubaki nje ya mlango. Siyo kwamba nayanyamazia, nayasahau kabisa. Ni raha ambayo siwezi kuieleza, na siku nyingine zote sita huwa naingojea.

Ndivyo nilivyolisahau gurudumu.

Jana asubuhi tulikuwa twende ibada Nyamira, kwenye kanisa la nyumbani kwa mama mkwe wangu, ambaye amekaa nasi wiki mbili. Jirani aliyeahidi kutubeba akapiga simu kwamba gari lake limejaa. Basi nikachukua ufunguo wa Chumvi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Mama alikaa nyuma na kofia yake nyeupe, Baba Bosire akakaa kando yangu na suti yake ya ushemasi, tukaondoka kwenda kanisani na tairi za mbio.

Tuliimba njia nzima. Mama huimba huku akipiga mguu sakafuni, na mguu wake una mdundo usiokosea. Tulipopita vilima vya kwanza nilisikia tu-tu-tu, nikadhani ni yeye. Ubeti wa pili tu-tu-tu. Nikasema moyoni, leo Mama ameamka vizuri.

Kisha wimbo ukaisha, na mdundo ukaendelea.

Sijui nieleze vipi nilivyohisi. Usukani ulianza kutetemeka mikononi, na Ijumaa yote ikarudi mara moja: jua, mguu wangu, vidole. Nilimwachia Chumvi apungue mwendo mwenyewe, nikasimama kando ya barabara karibu na kituo cha kupimia majani chai. Upande wa kushoto kulikuwa na bonde, chai tupu hadi chini kabisa.

Boliti mbili hazikuwepo. Tatu zilizobaki zilikuwa zimejifungua karibu zote, vichwa vimetokeza nje. Niliigusa moja kwa kidole. Ilizunguka kidogo, ikaangukia kiganjani mwangu.

Chai ilikuwa inang'aa umande, ndege wanalia, na sisi watatu tumesimama na nguo za ibada tukitazama gurudumu lililokuwa na kila sababu ya kutuacha.

Baba Bosire akatoa spana. Halafu, Mungu amsamehe, akasimama nayo. Nikaona anawaza kama ile ni kazi au si kazi.

Mama alisema kwa Kigusii, mimi natafsiri tu: "Ng'ombe ametumbukia shimoni siku ya Sabato. Unangoja akufie humo?"

Baba Bosire akapiga magoti na suti yake. Tulitoa boliti moja kwenye kila gurudumu la nyuma kujaza zilizopotea, tukakaza kadiri zilivyokubali, tukaenda polepole. Tulifika mahubiri yakiwa katikati. Sikusikia hata neno moja, ila nililia kwenye ombi la mwisho, na aliyekaa jirani yangu akanipa leso akidhani ni mahubiri.

Leo asubuhi tumelifungua gurudumu. Habu imeliwa meno kwenye matundu mawili, laini kama ndani ya pete. Hakuna mbio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tuliambiwa shuleni, na mimi sasa natafuta habu nzima.

Ndiyo maana naziangalia hizi boliti. Zimechubuka, isipokuwa meno ya mwisho kabisa kwenye ncha, ambayo bado yanang'aa. Hayo ndiyo yaliyokuwa yametushika. Niliwahi kusoma kwamba boliti iliyokazwa huvutika kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, kama lastiki ya kiuno cha sketi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakolibana gurudumu kwenye habu. Chuma, kuvutika! Nilipenda habari hiyo, nikaisimulia hata dukani. Lakini jana lastiki haikuwepo. Gurudumu lilikuwa limening'inia tu, na likatuvusha vilima vyote vile, watu watatu wakiimba. Nimejaribu kutafuta maelezo nimeshindwa. Nimestaajabu, na ningependa nibaki hivyo kwa siku chache.

Na ubishi wetu? Nimeuwaza kwa haki. Nati za stadi zilizofungwa kwa vidole nazo zingelegea, Baba Bosire asijidanganye. Ila kwa stadi lile gurudumu la nne lingetundikwa mara moja, na tungemaliza jua likiwa juu. Nati pia unaona kama imekaa au haijakaa vizuri kwenye stadi yake, hata ukipita tu na ndoo ya maji. Kwa kuwa habu itakuwa mpya, nimemwambia: weka stadi. Nilitegemea atacheka. Alinishika bega tu, akaenda kumpigia simu muuza vipuri.

Mama alikuwa amekaa hapa akimenya viazi, akitusikiliza. Miaka yote hii ameziita mbio zangu wazimu, na hajawahi kuja kutazama hata moja. Nilijua jana ingekuwa mwisho: angeniomba niache, na kwa nilivyo leo ningekubali. Nilingoja aseme.

Alichukua boliti moja mezani, akaipima uzito mkononi, akapitisha ukucha kwenye yale meno ya ncha.

"Kama linashika hivi bila kukazwa," akasema, "nataka kuliona likikazwa."

Kisha akaendelea na viazi. Anataka kuja uwanjani mbio zijazo, na anataka nati ya mwisho aikaze yeye, aisikie hiyo tak kwa masikio yake.

Nimekubali. Ijumaa ya kabla ya mbio hizo tutaanza asubuhi.