Maziwa Niliyokupulizia Usoni

Mke wangu mdogo Paskalina,

Labda huko uliko hawapendi babu amwite mjukuu wake mke. Wakikuuliza, waambie huyu mzee wa Buger hakusoma, aliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe alilirudia. Bibi yako akiwa karibu nawe huko, usimsomee hapa. Atanisubiri mlangoni na mwiko.

Nimefanya jambo na sina wa kumwambia. Nitalifikia polepole, maana hata kuliandika naogopa.

Kwanza habari za nyumbani. Mahindi yamebeba mwaka huu. Ng'ombe amezaa dume, hana shukrani. Ile sufuria uliyochemshia mavi ya tembo nimeisugua kwa majivu na mchanga, nimechemshia maji mara nne, na bado mke wa mjomba wako akikaribishwa ugali hapa anauliza kwanza umepikwa kwenye nini.

Asubuhi ile, Paskalina! Tembo wametoka msituni wamekula nusu ya shamba langu, mimi nimekaa chini nimeshika kichwa, wewe unakuja mbio na ndoo: "Babu, angalia, nyuzi tupu! Hii ni karatasi!" Nikajua chuo cha sanaa kimeshakuharibu. Ukachemsha, ukatwanga kwenye kinu, ukachuja kwa neti ya mbu, ukaanika juu ya bati. Ikatoka karatasi kweli, ya kahawia, nene, wala hainuki. Nikawatangazia watu kanisani kwamba mahindi yangu yameenda chuo.

Ukanigeuza na mimi mwanafunzi. Leo tuchore bila kuangalia karatasi. Kesho tuchore kwa mkono wa kushoto. Keshokutwa ukaniweka mbele ya ng'ombe, ukasema, "Babu, usimchore yeye, chora ile hewa iliyo katikati ya miguu yake." Nikakwambia hewa ya hapo naifahamu tangu utotoni, haifai kuchorwa. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye majani.

Halafu ukachoma mkaa wako mwenyewe, vijiti vya mpera ndani ya kopo lililozibwa kwa udongo. Ukachukua kioo changu cha kunyolea ndevu, ukaanza kuchora uso wako kwenye karatasi ya tembo. Mimi nikawa nakusimulia habari ya katekista na punda. Ukasema, "Babu, nyamaza basi, mdomo wangu hautulii!" Sikunyamaza. Ukajichora hivyo hivyo, unacheka.

Ukaipachika ukutani. "Usiiguse, mkaa haujashika. Kesho nitaipulizia maziwa ili ushike."

Kesho yake homa ikakuangusha. Siku ya tano tukawa hatuna Paskalina.

Sikuigusa. Naapa sikuigusa miezi yote hiyo. Lakini kila nikifungua dirisha, upepo wa huku unaujua, nikawa naona vumbi jeusi sakafuni chini ya picha. Ni wewe ulikuwa unadondoka. Nafagia, nasimama na ufagio, sijui nikumwage wapi.

Juzi mama yako akapiga simu kutoka kule kwenye hoteli ya watalii, ukingoni mwa Ngorongoro, anakopika. Wamempa ruhusa Jumapili. "Baba, nakuja kuichukua ile picha. Ipo?" Nikasema ipo. Unajua hajawahi kuiona. Alipofika kwenye homa yako alikuwa anakuangalia wewe, hakuangalia kuta. Na ile picha yako ya kitambulisho, ile tuliyobeba mbele ya jeneza, umefunga mdomo kama mtu anayedaiwa ada. Anataka uso wako mwingine.

Nikasema sitampa mtu mwenye uchungu picha inayodondoka. Nitaipulizia maziwa.

Nilikuona ukifanya kwenye picha nyingine. Unaacha maziwa yalale, unaengua mafuta yote, unaongeza maji, unasimama mbali na bomba la kalamu mdomoni, unapuliza kidogo kidogo kama ukungu. Nakumbuka yote. Lakini, mke wangu, mimi niuwekee uso wako maziwa yaliyoenguliwa na kutiwa maji? Hapa kwetu mgeni tu tukimpa maziwa ya hivyo, anatusema mpaka Karatu mjini. Nikasema hapana, Paskalina atapata maziwa mazima. Nikakamua, nikachukua ya moto moto, yana povu.

Pumzi sina, unajua. Meno ya mbele pia sina, bomba halishiki. Nikapuliza mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili kikohozi kikanishika, maziwa yakatoka yote kwa mkupuo yakakupata mdomoni na kidevuni. Yakaanza kuteremka meusi. Nikaogopa. Nikafanya anachofanya babu yeyote mtoto akijimwagia maziwa. Nikakupangusa kwa mkono wa sweta.

Paskalina, mdomo ukaondoka wote.

Macho yapo. Nywele zipo, na lile kovu la nyushi ulilopata kwa kuanguka kwenye mkokoteni. Chini ya pua kuna doa la mafuta, na inzi.

Nikasema nitauchora upya, si nilifundishwa? Nikajaribu kwanza kwenye mfuko wa unga. Wa kwanza ukawa mdomo wa mbuzi. Wa pili ukawa wa katekista. Wa tatu nikasimamisha mkono, maana niligundua jambo baya zaidi ya maziwa. Sijui mdomo wako ulikuwaje. Ukicheka, ulipanda upande gani kwanza? Ule mwanya wa jino ulikuwa kulia au kushoto? Nimekuchekesha tangu huna meno, na sikumbuki. Nilikuwa nafurahia hadithi zangu mwenyewe.

Nikawaza nimsingizie paka. Anajulikana tabia yake, mama yako angeamini. Nikawaza niseme tembo wameidai karatasi yao. Niliusema utani huo kwa sauti, peke yangu, haukuchekesha hata kidogo.

Basi nakuahidi hili moja ninaloliweza. Sitakuchora mdomo wa kubuni. Pale palipofutika patabaki hivyo. Jumapili nitamkabidhi mama yako picha mkononi, nimwambie ni mimi, kwa mkono huu. Akilia sijui nitafanya nini. Kazi yangu ni kuchekesha watu na sina chochote cha siku hiyo. Akiniuliza mwanawe alikuwaje hapo, nitamwambia alikuwa anacheka.

Lala, mke wangu. Nisamehe.

Ni mimi, babu yako.