Tisa na Moja

Clairwood, Durban
Tarehe tisa na moja Machi, 2009

Mjukuu wangu Pontien,

Hujambo na baridi yenu ya Amerika? Mimi iko, magoti ndiyo hayapo. Bado nakaanga mandazi ya madereva wa malori. Wanayaita amagwinya, wanayasema vibaya, lakini wanayamaliza.

Filme yako ya vita imefika. Gustave wa duka la simu ameiweka kwenye kompyuta, akawa ananifasiria. Wanavaho, watu wa asili wa huko kwenu, wanasema lugha ya mama zao kwenye redio ya jeshi. Wajapani wanasikiliza mpaka masikio yanachoka, hawapati kitu. Kifaru cha vita wanakiita kobe. Gustave anapiga makofi: «Eh, Bibi, hawa watu wana akili!»

Akili gani? Mimi niliolewa 1962. Kwetu Burundi mke hataji jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Mzee yule alizaliwa baada ya wenzake tisa, na jina lake ndiyo hesabu hiyo. Kwa hiyo mimi nikifika tisa, inayofuata ni tisa na moja. Miaka arobaini na saba nasema kwa kuzunguka. Nani amenipa medali? Halafu baba yako akakupa wewe jina lile lile, kunikomoa tu. Ndiyo maana kwangu wewe ni Pontien, basi.

Sasa nijibu. Nyuma ya Mnavaho iko askari mzungu. Anakula naye, anamlinda. Lakini amepewa amri: adui akitaka kumshika Mnavaho, ampige risasi Mnavaho huyo huyo, lugha isitekwe. Hapo hata Gustave aliacha kupiga makofi. Kwa nini umenitumia kitu hiki?

Usipige simu. Kwenye simu nikianza tu, unasema kredi imekwisha. Andika.

Bibi yako


Tarehe 10 Aprili, 2009

Bibi mpendwa,

Natumaini magoti yanapata nafuu. Mimi mzima, ila mikono. Kiwandani nakata kuku walioganda saa tisa kwa siku, vidole havisikii tena hata chai ya moto.

Nilituma filme ili uone kwamba jeshi la hapa linahitaji watu wenye lugha. Mimi ninazo nne. Nitakuwa mfasiri, Bibi, na uraia utakuja haraka. Ile amri ya kuua ni mambo ya filme. Niliuliza, watu wanabishana kama ilikuwepo kweli.

Nasaini mwezi wa sita. Babu alinibariki kwa jina langu lote siku ile tulipoondoka Bujumbura. Amebaki nani wa kunibariki kama si wewe? Naomba ulitaje. Mara moja tu. Mimi mwenyewe siliandiki hapa, kwa heshima yako.

Mjukuu wako


Clairwood, tarehe mbili Mei, 2009

Pontien,

Salamu nimezipokea. Siumwi, nimechoka. Si kitu kimoja.

Unajua babu yako alikufaje? Tulikuficha, ulikuwa mdogo. Mwaka mmoja baada ya sisi kuondoka, askari wa kigeni walimchukua awafasirie kwa waasi kule milimani. Upande huu wakasema anajua sana. Upande ule wakasema amesema sana. Mpaka leo sijui ni upande gani uliomwua. Mfasiri ana mabwana wawili, hana wa kumzika.

Mimi nimekimbia vita mara tatu kwa miguu hii. Wewe unaomba vita kwa fomu! Kata kuku. Mkono ulioganda bado ni mkono.

Jina sitaji. Baraka sitoi. Nikikubariki, nitakuwa nimekusukuma kwa mkono wangu.

Bibi yako


Tarehe 10 Agosti, 2009

Bibi,

Nakusalimu sana. Nimesaini. Sijakukasirikia.

Huku hakuna Pontien. Jina lile, ambalo hapa ndilo la ukoo, limeshonwa kifuani, na ndilo wanaloniita kutwa nzima. Hakuna anayeliweza. Kila sajenti analivunja kwa namna yake, mimi naitikia yote. Wakati mwingine natamani nilisikie sawasawa, kabla sijasahau linavyosikika.

Tutaondoka kwenda vitani. Siruhusiwi kusema wapi. Usingoje barua upesi.

Mjukuu wako


Clairwood, Durban
Tarehe kumi Januari, mwaka elfu mbili na kumi

Bucumi,

Hujambo, mwanangu? Miezi mitano hujaandika.

Ndiyo, ni mimi. Usifikiri Gustave ananiandikia. Mwandiko mbaya hivi ni wa nani mwingine?

Juzi nilimwambia aiweke tena ile filme. Safari hii sikuangalia bunduki. Nilimwangalia yule Mnavaho akiwa hayuko kwenye redio. Wenzake wamempachika jina la utani. Kambi nzima, mwanzo mpaka mwisho, hakuna anayemwita jina la kwao. Wanaitaka lugha yake, yeye mwenyewe hawamtaki. Nikajiambia, Sesilia, na wewe je?

Nikafunga mlango wa jiko. Kwanza nilimwomba radhi baba mkwe. Nikamwambia, mzee, wewe umeshapumzika, huyu bado. Kisha nikalitaja. Mara ya kwanza lilitoka kama kikohozi. Mara ya tatu likakaa.

Leo dereva mmoja ameagiza mandazi, nikamhesabia mpaka kumi. Akacheka, kwa lugha yao bibi ni Gogo: «Eish, Gogo, ile tisa na moja yako iko wapi leo?» Nikamwambia imekwenda vitani, na wewe lipa uondoke.

Bucumi, nenda urudi. Bucumi, anayelala karibu yako asikugeuke. Bucumi, ulimi wako ukulishe, usikuue. Nimekubariki kwa jina lote, tena limetamkwa sawasawa.

Lakini usizoee. Siku utakayosimama mlangoni kwangu, nitarudia tisa na moja yangu, na wewe utakuwa Pontien tu mpaka ninakufa. Mpaka siku hiyo nitakutaja kila asubuhi, mafuta yakianza kupata moto, na magoti haya haya yakiuma.

Njoo uninyamazishe.

Bibi yako