Siku Niliyokusikia Redioni

Tabora,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu wewe ni mama yangu, na hilo halibadiliki hata moyo ukichafuka. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilikufaa? Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii naipitisha kwa mke wa kasisi, maana simu yako anaishika kaka Kastori. Tafadhali usimpe akusomee. Vaa miwani yako, usome mwenyewe, polepole.

Kazi yangu unaijua. Mwalimu Rajabu haoni tena, na tangu macho yamwishie, redio ndiyo gazeti lake na ndiyo baraza lake. Tunaiwasha alfajiri kwa wimbo wa taifa, tunaizima akienda kulala. Muziki hautaki, anataka watu wanaozungumza. Alhamisi ilikuwa hivyohivyo. Taarifa ya habari, halafu matangazo ya vifo, ambayo yakisomwa hataki hata kijiko kigonge sahani. Bwana shamba akaeleza kutu ya majani ya kahawa, nikawakumbuka watu wa kwetu kule Mkumbi na mibuni yao. Akafuata daktari na habari za presha. Kilipoanza kipindi cha kutembelea vijiji nilikuwa namkata mwalimu kucha. Mtangazaji akasema, "Leo tupo Mbaha, mwambao wa Ziwa Nyasa."

Mama, niliacha mkasi. "Mwalimu, ni kwetu!"

Akacheka. "Basi ongeza sauti."

Nikaongeza mpaka mwisho. Nikasikia mawimbi yetu, nikasikia wanawake wanaanika usipa, dagaa wetu, huku wakitaniana, machozi yakanitoka kwa furaha. Kisha nikamsikia Kastori.

Aliulizwa kuhusu hoteli itakayojengwa ufukweni. Akajibu kwa ile sauti yake ya mikutanoni: "Eneo ni la familia yetu, tumempa mwekezaji. Ni eneo tupu, halina kitu. Ndugu wote tumekaa, tumekubaliana."

Ndugu wote ni akina nani, mama? Marehemu baba aliacha watoto wawili. Mimi nimekaa na nani?

Nikajipa moyo kwamba wewe hujui. Hapohapo mtangazaji akasema mama mzazi naye yupo. "Mama, mradi huu umeupokeaje?"

"Nimefurahi, mwanangu."

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja ndiye huyu. Yule wa kike alikwenda. Wa kike ni wa kwenda tu."

Mtangazaji akacheka. Wakaweka ngoma kidogo, wakahamia kijiji kingine.

"Sabina, mbona kimya?" mwalimu akauliza. "Aliyesema ni nani?"

"Ni mama." Kisha nikamwambia jambo ambalo sijamwambia miaka yote ninayomwogesha na kumlisha: kwamba kwenye hilo eneo lisilo na kitu amelala Anjela, mtoto wangu wa pekee, aliyeishi siku nne.

Hakunipa pole. Alikaa anapapasa kucha zake, zile nilizokata na zile nilizoacha. Mwishowe akasema, "Saa kumi kuna kipindi cha sheria. Wanapokea simu. Chukua yangu."

"Nitawaaibisha nyumbani."

"Wao wamesema mbele ya nchi nzima. Nawe wajibu hukohuko walikosemea."

Mchana huo nilimpa ugali mbichi, akaula bila kulalamika. Watoto wa shule wakaimba mambo ya usafi, nikatamani kuitupa ile redio nje. Saa kumi nikapiga, nikapiga tena, mpaka ikapokelewa. Nikasema, "Naitwa Sabina, niko Tabora, kwetu Mbaha. Asubuhi kaka yangu amesema hapa kwamba eneo letu ni tupu na ndugu tumekubaliana. Mimi ni ndugu, sikuulizwa. Na eneo si tupu. Lina kaburi la mtoto wangu."

Wakili wa kipindi akajibu. "Pole sana, mama. Kama hukushirikishwa, una haki ya kuweka pingamizi. Na kaburi haliguswi kienyeji, lina utaratibu wake. Andika, upeleke ofisi ya kijiji na ya kata, usichelewe. Ila ujiandae, watataka uwaonyeshe lilipo."

Habari za michezo hazijaisha, Kastori akanipigia. "Umetuvua nguo mbele ya nchi nzima! Kaburi gani? Nani aliliona? Msalaba hakuna, jiwe hakuna!"

"Mpe mama simu," nikamwambia.

Nilikusikia nyuma yake, unakohoa. Kikohozi chako ninakijua. Hukuja kwenye simu.

Sasa nisikilize. Barua ya pingamizi nimeshaiandika, mwalimu ameisahihisha kwa kunisikiliza nikiisoma, mstari kwa mstari. Binti yake atakuja kukaa naye. Baada ya wiki mbili nitakuwa Mbinga, na kesho yake nitashuka ziwani.

Lakini Kastori kasema kweli moja: jiwe hakuna. Nami sikuwepo. Nilikuwa nimelazwa zahanati, damu haikatiki, na mkanificha habari mpaka siku ya pili. Mliomzika ni wewe na shangazi Yustina, na shangazi ametangulia. Mimi ulinionyesha kwa kidole tu, kwa mbali, ukanikataza nisisogee, ukasema nikilia pale sitazaa tena. Nikatii. Miaka yote niliyokaa nyumbani nilipalilia muhogo kwenye shamba lile la ufukweni nikiogopa kila jembe nililoshusha. Na kuzaa sikuzaa.

Watu wa kata watakaponiuliza ni wapi, mimi sitajua. Watakugeukia wewe, na Kastori atakuwa amesimama pembeni yako. Siji kukuomba radhi wala kukudai radhi. Nakuuliza jambo moja tu, nalo usinijibu kwa barua: siku hiyo utawaonyesha alipo mjukuu wako, au utakohoa?

Nisalimie wifi yangu, mke wa Kastori, yeye hana kosa, na watoto wake wote. Mjomba wa Kigonsera mwambie asali nilipata. Mke wa kasisi mshukuru kwa kufikisha barua hii. Kastori usimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
Sabina