Jogoo wa Chumba Namba Moja

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetisha! Saa nne na nusu, niko kwenye kiti cha hakimu, shahidi yuko katikati ya maelezo yake, jogoo akawika mahakamani. Kokoriko! Simu ya mtu — na tangazo la kuzima simu limebandikwa mlangoni kwa herufi za kumwonesha kipofu. Chumba kizima kikaangua kicheko. Kutazama, mama mmoja benchi la nyuma ana simu mkononi. Nikamsimamisha. Akasema si yake, alikuwa anaangalia saa tu, ana kesi chumba namba tatu saa tano, nje benchi zimejaa ndiyo maana akaja kukaa kwangu. Nikamwambia kesi yake ataisikilizia mahabusu. Watu wakacheka tena, safari hii kwa utani wangu. Nikampa mpaka saa nane, kwa kudharau mahakama. Nimevimba kichwa siku nzima.

Siku hiyo hiyo, jioni

Simu yangu mpya ilikuwa haionekani. Hii aliyoniletea binti yangu juzi, akanitengenezea kila kitu mwenyewe kwa kuwa vidole vyangu vizito. Mke wangu akaipigia tuitafute. Ndani ya mkoba wangu wa kazini — jogoo.

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Eti aliniwekea mlio huo ili niusikie. Nimeusikia, mwanangu! Mke wangu akaniuliza mbona nimekauka, na mbona asubuhi, kwenye saa nne na nusu hivi, alinipigia sikupokea.

Jumatano, 6 Machi

Sijasema kitu kwa mtu. Nimebadilisha mlio.

Ijumaa, 8 Machi

Karani wangu tunamwita Muhuri, maana hata salamu anazitoa kikazi. Leo kaniletea habari bila kuombwa. Yule mama ni fundi cherehani. Kesi yake ni ya mjukuu: binti yake alifariki, yeye akamlea mtoto tangu yuko mgongoni, sasa upande wa baba wanamtaka. Jumatatu ile, saa tano, jina lake liliitwa mara tatu chumba namba tatu. Hayupo. Yuko mahabusu chini ya ngazi, amefungiwa na mimi. Mtoto akapewa upande wa baba siku ile ile.

Ameomba kesi ifunguliwe upya. Amejibiwa kwamba aliwekwa ndani kwa makosa yake mwenyewe, kwa hiyo kutofika nako ni makosa yake.

Nikamwuliza Muhuri kama chai iko tayari. Ndivyo nilivyosema, jamani. Chai.

Jumatano, 10 Aprili

Nimeshtakiwa. Mimi! Hati ya wito kaileta mpeleka wito yule yule ninayemfokea kila siku kwa kuchelewa. Leo kawahi. "Saini hapa, Mheshimiwa," tena kwa heshima tele. Nikasaini pembeni ya mstari. Mama fundi anadai fidia, na anataka mahakama kuu itamke kwamba nilimfungia bila kosa.

Alhamisi, 18 Aprili

Wakili wa serikali atakayenitetea ni mwanamke mchangamfu, nusu ya umri wangu. Akanituliza. Hakimu hashitakiwi kwa alichofanya akiwa kwenye kiti. Hata akikosea. Hata akikosea vibaya. Nikauliza: hata akiwa mjinga? Akacheka — hapo ndipo kinga inapohitajika zaidi, Mheshimiwa.

Nimekisoma kifungu mara nne. Sheria nzuri, sitanii. Hakimu akiogopa kushtakiwa na kila aliyeshindwa, nani atathubutu kuamua kesi? Imetungwa ili tusiwe waoga. Nami nimejificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya pazia, miguu inaonekana.

Kabla hatujaagana akauliza, hivi simu ilikuwa ya nani kweli? Nikapaliwa na maji ambayo sikuwa nimeyanywa.

Jumapili, 5 Mei

Mke wangu amejua. Aliona karatasi mezani, akasoma "saa nne na nusu", akavua miwani. "Baba Watoto, niliyepiga ni mimi."

Nikamweleza habari ya kinga. Nikamweleza pia kwamba jina langu liko kwenye orodha ya kupandishwa cheo, huu si wakati wa kuchokonoa mambo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia hofu. Kisha akauliza: hiyo kinga inakuzuia kushtakiwa, sawa, na kusema ukweli je, inakuzuia? Nikapekua sheria yote. Haizuii. Kaniachia vyombo nioshe, na nimeviosha vyote, hata visivyo vichafu.

Jumanne, 14 Mei

Naandikia magotini, kwenye korido ya mahakama kuu. Mwandiko wa kuku, nisamehe, daftari.

Wakili wangu alimaliza kwa dakika kumi: kinga iko wazi, kesi itupwe. Mama fundi hana wakili. Alisimama akasema, "Simu haikuwa yangu," akakaa. Jaji akaanza kufunga jalada. Miguu yangu ikasimama bila kunishauri. Wakili akanivuta koti. Nikasema, Mheshimiwa, ilikuwa yangu. Yule jogoo alikuwa wangu.

Mtu akacheka kule nyuma. Jaji hakumweka ndani. Akaandika nilichosema, pole pole, neno kwa neno, akatoa mapumziko ya robo saa.

Wakili amenipa mgongo. Kaniambia kesi hii bado tutashinda, kinga haijatikisika, ila maneno yangu yameshaingia kwenye kumbukumbu na mama atakwenda nayo chumba namba tatu kumdai mjukuu wake. Cheo nisahau, kasema. Nimeshaanza kukisahau, lakini kinauma!

Mama fundi kaja kukaa benchi hili hili. Nilidhani anakuja kunishukuru. Mpumbavu mimi. Kauliza nilijua lini. Nikasema, jioni ile ile, mama. Akahesabu kwa vidole: Machi, Aprili, Mei. Akasema mjukuu ameng'oka meno mawili ya mbele, yeye kasimuliwa tu kwa simu. Nikasema samahani. Hajaondoka.

Karani wa jaji anatuita ndani, simu zizimwe. Naitoa yangu, nabonyeza huku, nabonyeza kule, inawaka tu. Mama fundi ananitazama. Ananyoosha mkono. "Ilete hapa," anasema —