Ugonjwa wa Mama Wenye Jina la Kilatini

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Dada mpendwa,

U hali gani huko? Kifua cha mtoto kimetulia? Sisi huku ni wazima, na Mama ametoka hospitalini. Nimeanza na hilo ili upumue kwanza.

Najua Baba alikupigia simu akakwambia Mama amepatikana na ugonjwa mwingine, mbaya zaidi. Ilikuwa hivi. Homa ya mapafu ilikuwa imeshapungua. Daktari mkuu, mzee mmoja wa miwani minene, alimpima Mama, akamwambia mwenzake neno moja tu, "Convalescit," wakahamia kitanda cha pili. Baba akadhani hilo ndilo jina la ugonjwa mpya.

Tangu hapo hakugusa cherehani. Kila alichotaka Mama alipewa, hata alipokataa supu hakulazimishwa. Mwishowe Mama akaniuliza, "Mbona baba yako habishani nami tena? Kwani nakufa?"

Nikamfuata daktari koridoni. Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe ni kitenzi cha Kilatini, convalescere, alichojifunza shuleni. Valere ni kuwa na nguvu, kuwa mzima. Ukitia -sc- kitendo ndiyo kwanza kinaanza, kinakwenda pole pole: valescere, kuanza kupata nguvu. Ile con- ya mbele inakaza maana. Alikuwa anasema tu, "Anapata nafuu."

Neno hilo limenikaa kichwani, dada. Hata Warumi walipoagana walisema vale, uwe mzima, kutoka mzizi huohuo. Nimelitafutia mwenzake katika Kiswahili. Kupona ni kufika, na hili bado liko njiani. Nafuu nayo tunaipata, kama kitu cha kupewa, ila kwao ni kama nguvu zinaota zenyewe mwilini. Wewe uliyesomea lugha unaonaje?

Nilipomweleza Baba, aliuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akaingia wodini, akatangaza kwamba supu itanyweka, mtu atake asitake. Mama alimjibu maneno nisiyoweza kukuandikia. Halafu akanivuta karibu, akaninong'oneza, "Sasa najua nitapona."

Nisalimie shemeji, na Mtundu wetu mwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Mungu awafunike nyote kwa afya na amani.

Mdogo wako akupendaye sana,
Kitindamimba